Ulaini Uliotoka Msituni
Nikinunua tairi, hutazama ubavu wake: ukiwa mrefu, hewa iliyomo huyameza mashimo ya barabara vizuri zaidi. Wazo la kupanda juu ya hewa lilipata hataza mwaka 1845, mikononi mwa Robert William Thomson, kisha likasahaulika. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akapata hataza yake baada ya kulijaribu kwenye kibaiskeli cha mwanawe.

Ulaya ikautaka mpira kwa pupa. Kongo ya Mfalme Leopold II, wanakijiji walilazimishwa kugema utomvu msituni; wake zao walishikwa mateka, waliopungukiwa wakachapwa viboko, wengine wakakatwa mikono. Wengi waliulipia ulaini huu kabla hawajaona gari.