Alama, Nafasi na Pointi: Historia ya Hukumu katika Mchezo wa Kuteleza Barafuni

Miongoni mwa dhana zinazoletwa mbele ya wakuza istilahi, ziko zinazoonekana nyepesi kwa sababu lugha yetu tayari ina neno la kuzitafsiri. Hizo ndizo zenye hatari zaidi, kwani mfasiri hushika neno la kwanza lililo karibu naye bila kuuliza. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha hatari hiyo kwa kutazama jinsi hukumu ilivyotolewa katika mchezo wa kuteleza barafuni kwa madaha, yaani ule ambao mchezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya makali, akaruka na kuzunguka kama pia kwa kufuata muziki.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliundwa mwaka 1892 huko Scheveningen, Uholanzi, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika St. Petersburg mwaka 1896. Kwa muda mwingi wa karne ya ishirini kila jaji alitoa alama kuanzia 0 hadi 6, moja kwa ufundi na nyingine kwa uzuri wa onyesho. Asiyejua angedhani kuwa mwenye jumla kubwa ya alama hizo ndiye aliyeshinda. Sivyo. Alama za kila jaji zilitumika kuwapanga wachezaji kwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea, na kwa jumla aliyewekwa mbele na majaji zaidi ya nusu ndiye aliyeshinda.

Tuchukue mfano wa shuleni. Mwanafunzi aweza kupata alama 60 akashika nafasi ya kwanza darasani, na mwingine akapata 80 akawa wa kumi katika darasa jingine. Alama yapima kazi. Nafasi yalinganisha watu. Katika mchezo huu, alama 5.8 haikuwa kipimo cha kazi hata kidogo. Ilikuwa njia tu ya kumweka mtu juu ya huyu na chini ya yule. Ndiyo maana jaji hakupenda kumpa mchezaji wa mwanzo alama za juu mno, asije akakosa pa kumweka aliye bora zaidi atakayefuata. Mwaka 1984 huko Sarajevo, Jayne Torvill na Christopher Dean wa Uingereza walipopewa 6.0 na majaji wote tisa kwa uzuri wa onyesho lao, maana yake halisi ilikuwa kwamba juu yao hapakusalia mahali pa mtu mwingine.

Mabadiliko yaliletwa na manung'uniko. Zamani sehemu kubwa ya hukumu ilitegemea michoro ya lazima, ambapo mchezaji alichora duara juu ya barafu kwa makali ya kiatu chake, taratibu na bila muziki. Huko Sapporo mwaka 1972, Beatrix Schuba wa Austria alipata medali ya dhahabu kwa sababu ya ubingwa wake wa michoro, ingawa katika onyesho huru alikuwa wa saba. Janet Lynn wa Marekani, aliyeongoza katika onyesho huru, aliambulia shaba. Onyesho fupi likaongezwa mwaka 1973, uzito wa michoro ukapunguzwa, na baada ya mwaka 1990 ikafutwa kabisa katika mashindano ya dunia.

Pigo kubwa zaidi lilitokea Salt Lake City mwaka 2002. Katika mashindano ya wawili wawili, majaji watano waliwaweka mbele Warusi na wanne Wakanada. Ikadaiwa kuwa jaji mmoja alishinikizwa, na mwishowe Wakanada nao wakapewa dhahabu. Mwaka 2004 shirikisho lilipitisha utaratibu mpya. Tangu hapo kila tendo lina thamani yake ya msingi iliyoandikwa katika jedwali. Kikundi cha mafundi hutaja ni tendo gani lililofanywa, na majaji hupima ubora wa kutendwa kwake. Kwa jedwali la mwaka 2018, mruko wa Axel wa mizunguko mitatu una pointi 8.0, ukifanywa kwa ubora wa juu kabisa hufikia 12.0, ukiharibika kabisa hushuka hadi 4.0, na anayeanguka hukatwa pointi moja zaidi. Hapa watu hawalinganishwi tena moja kwa moja. Kinachohesabiwa ni matendo.

Kwa hiyo twapendekeza "alama" ibaki kwa utaratibu wa kale, na "pointi" itumike kwa ule wa 2004. Anayeandika kuwa Warusi wa mwaka 2002 walishinda "kwa pointi" amepotosha historia, kwani walishinda kwa jaji mmoja.

Neno "nafasi" nalo lina mtego. Twasema nafasi ya tatu, na pia twasema nchi ina nafasi tatu za kupeleka wachezaji. Mambo haya mawili hukutana katika kanuni moja: nchi yenye wachezaji wawili ambao nafasi zao katika mashindano ya dunia zikijumlishwa hazizidi 13, huruhusiwa kupeleka watatu mwaka unaofuata. Kwa maana ya pili, afadhali tuseme "mgawo".

Mwisho ni "kufuzu", neno lenye asili ya Kiarabu kwa maana ya kushinda au kufaulu. Katika mchezo huu, mgawo wa Olimpiki ni mali ya nchi, si ya mchezaji aliyeupata; nchi yaweza kumteua mwingine. Basi kumwandika mchezaji kuwa "amefuzu" kwenda Olimpiki kabla ya kuteuliwa ni kumpa haki asiyokuwa nayo, na kumwahidi safari ambayo huenda akasafiri mwenzake. Sahihi ni kusema "ameipatia nchi yake mgawo".

Tunawaomba wasomaji, hasa watangazaji na waandishi wa michezo, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya kabla hayajasanifiwa.