Umeme wa jirani: Jinsi ya kugawana gharama bila ugomvi

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

KUGAWANA umeme na jirani ni jambo la kawaida katika mitaa ya mji wa Mbinga na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay. Mmoja ana mita, mwenzake ana waya tu. Mwanzoni huwa ni wema wa ujirani. Baada ya miezi michache, uniti zinapokwisha kabla ya wakati, wema huo hugeuka manung'uniko, na mara nyingine kesi mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji.

Makala haya yanaeleza sheria inasemaje kuhusu mpango huo, gharama zake halisi ni zipi, na hatua za kuchukua kwa wale wanaogawana mita moja au wanaotaka kuachana nayo.

Historia fupi

Kwa miaka mingi Mbinga ilipata umeme wa majenereta ya dizeli ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), kama ilivyokuwa Songea. Umeme huo ulikuwa ghali kuuzalisha na haukufika mbali na mji. Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, ulianza kazi mwaka 2007 na kupeleka nguzo vijijini awamu kwa awamu. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya kukamilika kwa njia ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyouunganisha Mkoa wa Ruvuma na Gridi ya Taifa mwaka 2018.

Hata hivyo, nguzo kufika kijijini si sawa na umeme kuingia ndani. Wapo waliokosa fedha za kutandaza nyaya, wapo ambao nyumba zao ziko mbali na nguzo, na wapo wanaosubiri mauzo ya kahawa au msimu mzuri wa dagaa. Hao ndio huomba waya kwa jirani.

Mita ni ya nani mbele ya sheria

TANESCO humtambua mteja mmoja kwa kila mita. Nyaya na vifaa hadi kwenye mita ni vya shirika. Vilivyo baada ya mita ni vya mteja, naye ndiye anayewajibika navyo. Mita ikichezewa au waya ukiunguza nyumba ya pili, wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye mita.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inamtaka anayesambaza au kuuza umeme awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), isipokuwa wale ambao sheria yenyewe imewasamehe. Kwa sababu hiyo, ni lazima kutenganisha hali mbili zinazofanana kwa macho.

Hali ya kwanza ni ya wapangaji au ndugu wanaoishi katika nyumba moja na kuchangia LUKU. Hao wanagawana matumizi ya jengo moja, na hakuna tatizo. Hali ya pili ni ya kuvuta waya kutoka nyumba moja kwenda kiwanja kingine na kumtoza jirani. TANESCO hukataza jambo hilo, na mwenye mita anaweza kukatiwa umeme. Aidha, Sheria ya Mikataba haiyapi nguvu makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria. Mwenye mita anayemdai jirani wa kiwanja kingine fedha za umeme huenda akajikuta hana pa kuzidai.

Hesabu inayowaumiza wote wawili

Wengi huamini kuwa kugawana mita ni nafuu. Kwa mtumiaji mdogo, ukweli ni kinyume chake.

Kwa viwango vya EWURA vilivyoanza Aprili 2016, mteja wa majumbani mwenye matumizi madogo, yaani wa kundi la D1, hulipa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni Sh350. Ikijumlishwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, bei hizo huwa Sh122 na Sh427. Mteja wa kundi la T1 hulipa Sh292 kwa kila uniti kabla ya kodi na tozo, sawa na takriban Sh356.

Chukua nyumba mbili, moja ikitumia uniti 72 kwa mwezi na nyingine uniti 48. Kila moja ikiwa na mita yake ya D1, ya kwanza italipa Sh8,784 na ya pili Sh5,856. Jumla ni Sh14,640.

Zikitumia mita moja ya D1, jumla ya matumizi ni uniti 120. Uniti 75 za kwanza zitagharimu Sh9,150, na 45 zinazobaki zitagharimu Sh19,215. Jumla ni Sh28,365, karibu mara mbili. Mita hiyo ikihamishiwa kundi la T1 kwa sababu ya matumizi makubwa, uniti hizo hizo 120 zitagharimu zaidi ya Sh42,000.

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mwenye mita anaona fedha zake zinanunua uniti chache kuliko zamani na kumshuku jirani kuwa anatumia pasi kwa siri. Jirani naye, akijua kuwa ana balbu tatu na redio, anaona anaonewa. Wote wanaweza kuwa wakweli. Kilichobadilika ni bei ya uniti.

Wanaogawana mita kihalali wagawane kwa uwiano wa matumizi, si kwa kubishania nani alitumia uniti za bei ya chini. Katika mfano huu, aliyetumia uniti 48 ametumia asilimia 40, hivyo atalipa Sh11,346, na mwenzake Sh17,019.

Kodi ya majengo

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU katika maeneo yanayotozwa kodi hiyo. Nyumba ya kawaida ilianza na Sh1,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai 2023 ikawa Sh1,500. Makato hufanyika kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, na miezi ambayo hakununuliwa umeme hulimbikizwa.

Matokeo yake, anayewahi kununua mwanzoni mwa mwezi ndiye anayebeba kodi ya nyumba nzima. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Wapangaji wanaonunua kwa zamu watunze risiti na kukubaliana na mwenye nyumba jinsi ya kurejeshewa, au kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi ya pango.

Namna ya kupima matumizi

Njia ya uhakika ni mita ndogo, ambayo fundi huifunga baada ya mita ya TANESCO ili kupima upande mmoja. Siku ya kwanza ya mwezi pande zote mbili zisome namba pamoja na kuziandika. Ikiwa mita ndogo ilikuwa 340 na mwisho wa mwezi ni 388, upande huo umetumia uniti 48.

Pasipokuwa na mita ndogo, hesabu hufanywa kwa vifaa. Zidisha wati za kifaa kwa saa zinazotumika, kisha gawanya kwa 1,000. Balbu ya wati 10 ikiwaka saa tano kila siku hutumia uniti moja na nusu kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 kwa muda huo huo hutumia uniti tisa. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa mara 12 kwa mwezi hutumia uniti sita.

Hesabu hii inaonyesha kuwa kugawana sawa kwa sawa si haki pale ambapo mmoja ana balbu na mwingine ana friji. Ni vibaya zaidi pale ambapo upande mmoja una biashara, kama saluni, kuchomelea vyuma au friza la kuhifadhia samaki. Biashara ya namna hiyo iombe mita yake.

Usalama

Waya unaopitishwa juu ya miti, kwenye paa la nyasi au chini ya ardhi bila bomba ni hatari, hasa katika mvua za Novemba hadi Aprili kwenye milima ya Umatengo. Ngozi ya waya huchubuka, maji huingia, na anayeugusa anaweza kupoteza maisha. Waya mwembamba ukivutwa mbali hupata joto na kupunguza nguvu ya umeme. Balbu kufifia pasi inapowashwa ni dalili mojawapo. Kazi yoyote ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na kila upande uwe na swichi yake ya kujikata wenyewe.

Kuachana kwa wema

Dawa ya kudumu ni kila nyumba kuwa na mita yake. Kwa viwango vilivyotangazwa Januari 2022, kuunganishiwa umeme wa njia moja kijijini ni Sh27,000. Mjini ni Sh320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, na Sh515,618 kwa iliyo ndani ya mita 70. Kabla ya kulipa, mwombaji aulize ofisi ya TANESCO eneo lake limewekwa kundi gani.

Kwa mfano wa nyumba mbili za hapo juu, ziada ya Sh13,725 inayolipwa kila mwezi kwa kugawana mita ya D1 hulipa gharama ya kuunganishiwa kijijini ndani ya miezi miwili. Mjini, kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, hulipa ndani ya miaka miwili. Gharama ya kutandaza nyaya ni ya ziada, lakini nyumba yenye vyumba vichache inaweza kuanza na vifaa vichache.

Maombi hupelekwa kwa mfumo wa NIKONEKT kupitia simu, kwa kutumia namba ya kitambulisho cha Taifa, au kwa kufika ofisi ya TANESCO. Mita mpya ikishafungwa, waya wa zamani ung'olewe wote, usiachwe ukining'inia.

Mgogoro ukizuka

Ugomvi wa majirani kuhusu fedha huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji kwa usuluhishi. Malalamiko dhidi ya huduma yenyewe, kama vile mita kuhesabu vibaya au kupangwa kundi lisilostahili, hupelekwa kwanza TANESCO. Mteja asiporidhika huyapeleka EWURA, na baada ya hapo anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani.

Kwa wanaogawana mita ndani ya nyumba moja, maandishi ya ukurasa mmoja yanatosha: nani ananunua na siku gani, vifaa gani vinaruhusiwa, namba za mita ndogo, nani analipa kodi ya majengo, na notisi ya siku ngapi kabla ya mmoja kujitoa. Kila upande ubaki na nakala yenye sahihi zote mbili.