Paul Robeson: Staa Mweusi wa Marekani Aliyesoma Kiswahili, Halafu Filamu Ikamgeuka

Kwenye mabanda ya video pale Nansio, mtaje Eddie Murphy au Wesley Snipes uone, hata mtoto wa darasa la tatu atakusimulia. Mtaje Paul Robeson, kimya. Na huyu jamaa alikaa darasani kusoma Kiswahili kitambo, Murphy hata hajazaliwa.

Robeson alizaliwa 1898 Princeton, New Jersey. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka, akaja kuwa mchungaji. Mtoto akasomea sheria, akaitupa, akaingia kwenye kuimba na kuigiza. Mwaka 1934, akiwa London, akajiunga na chuo kusoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Alitaka kuijua asili yake.

Hapo ndipo ulipokuja mchongo wa Sanders of the River, filamu ya 1935. Ni stori ya bwana DC wa Kiingereza anayetawala watu wa mtoni huko Nigeria. Robeson akapewa nafasi ya chifu Bosambo, akaamini Mwafrika ataonyeshwa kwa heshima. Kati ya watu weusi wa London walioitwa kujaza picha alikuwemo Mkikuyu mmoja, Jomo Kenyatta. Ndiyo, yule yule aliyekuja kuwa rais wa Kenya.

Filamu ilipotoka, mambo mengine kabisa! Bosambo ni mtiifu kwa mzungu mwanzo mwisho, na kinachosifiwa ni utawala wa Mwingereza. Kumbuka wakati huo Tanganyika nzima, Ukerewe ikiwemo, iko chini ya Mwingereza huyo huyo. Robeson aliumia, akaja kuikana hadharani. Wapo wanaosema angekuwa makini asingeingizwa mjini. Ni rahisi kusema hivyo, ila mwigizaji halali kwenye chumba cha kuhariri, na mkasi si wake.

Akajifunza. Kwenye Song of Freedom ya 1936 alipewa neno la mwisho kwenye uhariri, kitu ambacho mwigizaji mweusi wa enzi zile alikuwa hakioti. Baada ya Tales of Manhattan ya 1942, nayo ikamwudhi, akaipiga chini Hollywood jumla. Mwaka uliofuata akapanda jukwaa la Broadway kama Othello, maonyesho 296. Mwaka 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti kwa siasa zake, akakaa bila hiyo hadi 1958.

Kiswahili chenyewe kikaja kuingia kwenye TV ya Marekani bila yeye. Mwaka 1966 Nichelle Nichols alicheza Luteni Uhura kwenye Star Trek, jina lililotoka kwenye neno letu uhuru. Bado kidogo aache kazi, Martin Luther King akamsihi abaki, maana mtu mweusi mwenye cheo kama kile kwenye TV alikuwa haonekani. Akabaki. Mwaka 1977 NASA ikamtumia kusaka wanaanga wapya, wanawake na weusi, na kwenye kundi lililochaguliwa 1978 alikuwemo Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza kufika angani.