Kupima ugumu wa springi

Ugumu wa springi ni kiasi cha kani kinachohitajika ili kuirefusha kwa mita moja. Alama yake ni k, na hupimwa kwa nyutoni kwa mita. Msingi wake ni kanuni aliyoichapisha Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: springi hurefuka kwa uwiano na kani inayoivuta, mradi haijapita kikomo chake cha mnyumbuko.

Njia ya kwanza ni kuivuta. Springi huning'inizwa kando ya rula, mawe ya mizani yakaongezwa moja moja, na urefu ukasomwa jicho likiwa usawa wa ncha. Gramu 100 zikiirefusha sentimita 4, kani ni nyutoni 0.98 na k ni 24.5. Ni bora zaidi kuchora grafu na kuchukua mteremko wake, kwa kuwa springi iliyosokotwa kwa kubana haianzi kufunguka mpaka ipate uzito fulani.

Njia ya pili ni mtetemo. Mzigo huvutwa chini kidogo, kisha huachiwa; muda wa mtetemo mmoja ni T = 2π√(m/k), m ikiwa tungamo la mzigo. Kwa springi hiyohiyo na gramu zilezile 100, T ni takribani sekunde 0.4, muda mfupi mno kwa kidole kwenye saa. Hivyo hupimwa mitetemo 20 kwa mkupuo, kama sekunde 8, kisha hugawanywa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haihitaji kujua nguvu ya uvutano ya mahali. Lakini springi yenyewe nayo hucheza: theluthi ya tungamo lake huongezwa kwenye m, la sivyo k itatoka ndogo kuliko ilivyo.