Ukubwa wa Mdomo

Mtu mwenye tangi la kioo la lita 150 sebuleni, akitaka kufuga samaki wanaokula samaki wenzao, aanze na swali moja: nani anaenea katika mdomo wa nani? Rangi na bei zitafuata. Samaki mwindaji hamchukii jirani yake. Anamla kwa sababu anapita kooni. Swali la pili ni la muda: huyu anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, miaka mitatu ijayo atakuwa na urefu gani? La tatu ni la mahali: anayefukuzwa akimbilie wapi?

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na maswali haya ya wafugaji wa samaki wa nyumbani nimekuwa nikiyakuta pale ambapo sikuyatarajia, yaani katika historia ya uvuvi ya Afrika Mashariki. Sisi nasi tuliwahi kuchaguliwa samaki mwindaji.

Maswali yenyewe ni ya zamani kama tangi lenyewe. Mwaka 1850, mkemia wa London aitwaye Robert Warington aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu na mmea wa majini katika chombo cha lita zipatazo 50. Majani yalipooza na maji kuchafuka, akaongeza konokono wale uozo. Maji yakatulia. Warington hakuchagua viumbe wake kwa uzuri. Alichagua kwa kuuliza nani anakula nini, na kinachobaki kinaliwa na nani. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na tangi la kioo likaanza kuwa pambo la nyumba za watu wenye nafasi.

Katika karne ya 20 macho ya wafugaji hao yaligeukia Ziwa Tanganyika. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki hai kutoka Burundi katika miaka ya 1970, alikuwa miongoni mwa waliowafikisha samaki wa ziwa hilo kwenye sebule za Ulaya na Marekani. Humo wafugaji walipata wawindaji wanaofaa tangi dogo. Mfano mzuri ni Altolamprologus compressiceps, aliyeelezwa kisayansi na Boulenger mwaka 1898. Mwili wake ni mwembamba kama umebanwa kati ya viganja viwili, hivyo hupenya kwenye nyufa za mawe kutafuta makinda ya wenzake. Hukua polepole, na mdomo wake haumtoshi samaki mzima wa ukubwa wa wastani. Ukimwekea mawe upande mmoja, na upande wa pili mchanga wenye maganda ya konokono ambamo samaki wa sentimita nne wanajificha, wataishi pamoja. Baadhi ya makinda yataliwa. Wakubwa watabaki.

Lakini mdomo si kila kitu. Samaki aliyepewa jina la Brichard, Neolamprologus brichardi, ni mdogo na mzuri wa kutazama. Akizaa, watoto wa uzao wa kwanza hubaki kuwalinda wadogo zao, na baada ya muda ukoo mmoja unamiliki tangi zima huku majirani wakibanwa pembeni juu ya maji. Kwa hiyo mfugaji makini hapimi samaki tu, anapima pia nafasi na desturi zao.

Sasa twende Ziwa Viktoria. Kabla ya katikati ya karne iliyopita lilikuwa na mamia ya spishi za furu, ambao Waganda huwaita nkejje na Wajaluo fulu. Zaidi ya 100 kati ya hizo zilikuwa za wala samaki. Wawindaji hawakukosekana ziwani, ila walikuwa wadogo, wengi wao wakila makinda, na kila mmoja alikuwa na kina chake na namna yake ya kuwinda. Kwa jicho la maofisa wa uvuvi wa kikoloni, hawa walikuwa samaki wa miiba wasio na soko. Sato wa asili walikuwa wamepungua kwa nyavu nyingi, na likazuka wazo la kuleta mwindaji mkubwa atakayewageuza furu kuwa nyama nono.

Geoffrey Fryer, mtaalamu wa samaki, alichapisha pingamizi lake mwaka 1960. Alieleza kwamba kila ngazi ya kuliana inapoteza chakula kingi, na kwamba mwindaji akishaingia katika ziwa hatolewi tena. Alikuwa amechelewa. Sangara kutoka Ziwa Albert walishaingizwa kimyakimya upande wa Uganda mwaka 1954, na mwaka 1962 na 1963 wengine wakaongezwa rasmi, Entebbe na Kisumu.

Sangara anaweza kuzidi kilo 100. Maswali yote matatu yalikuwa na majibu hata wakati ule: mdomo wake unamtosha karibu kila furu, hukua sana, na ziwa lenye kina cha mita 80 hivi halina vilindi vya kujificha. Ziwa Tanganyika lina jamaa zake sangara wa spishi nne, na samaki wengine wamedumu nao. Lakini hao wamekua pamoja kwa muda mrefu mno, katika ziwa lenye kina cha mita 1,470 na pwani ndefu za miamba. Ziwa Viktoria halikupewa muda huo.

Miaka ya 1980 sangara walifurika. Inakadiriwa spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka, na wawindaji wadogo ndio walioumia zaidi. Furu walipokwisha, sangara wakala dagaa, uduvi, na watoto wao wenyewe. Viwanda vikafunguliwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na wapo vijana waliosomeshwa kwa fedha hizo; hilo nalo ni kweli na lisemwe. Mwanza walibaki na mapanki, mifupa yenye nyama kidogo. Furu alikaushwa juani bila gharama. Sangara ana mafuta, anahitaji moshi, na moshi unahitaji kuni.

Waliosalimika kwa wingi zaidi ni furu wa miambani, akiwemo Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi Mwanza. Sangara hapenyi kwenye nyufa. Ni mantiki ileile ya mfugaji anayepanga mawe kabla ya kununua samaki.

Watafiti hao walikuwa wamepeleka baadhi ya furu hai Leiden, Uholanzi. Leo mwindaji mdogo kama Haplochromis perrieri, asiyefikia hata sentimita 12, anaendelea kuzaliana katika matangi ya Ulaya na Marekani. Wafugaji wa huko hubadilishana makinda na kuhakikisha hawachanganyi spishi, maana wakishazaliana na wengine hakuna ziwa la kwenda kuchukua mbegu upya.

Kijana wa Mwanza au Kisumu anayepanga tangi lake la kwanza atauliza maswali yaleyale matatu, na atafanya vyema. Ila akimtaka perrieri, samaki wa ziwa analoliona dirishani, itabidi amwagize kutoka ng'ambo, na akimpata asimwachie ziwani. Mdomo unaomtosha bado umo humo.