Sehemu ya Tatu, Watangulizi Wawili: Mario Kati ya Japani na Marekani

Aghalabu mhakiki akipewa kazi ya pili au ya tatu ya mfululizo hukimbilia swali moja: je, imeizidi iliyotangulia? Swali si baya. Ila linachukulia kwamba wasomaji wote wamepita njia moja hadi kufika hapo. Historia ya Super Mario Bros. 3, mchezo wa video wa kampuni ya Nintendo, inakataa dhana hiyo, na ndiyo maana nauleta kwenye kurasa hizi, hata kama kuna mwalimu atakayeguna.

Mchezo wa kwanza ulitoka Japani Septemba 1985, kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Fani yake nyepesi: Mario anakimbia kuelekea kulia, anaruka, anakanyaga maadui, anakula uyoga akakua. Hatua ni 32. Na tuliweke akilini jambo moja: sehemu ikishapita nje ya kioo, basi, huirudii tena.

Juni 1986 ikafuata ya pili. Hii haikubadili umbo, ilibadili nia. Uyoga, ambao mchezaji alishafundishwa kuuamini, safari hii mwingine una sumu. Njia za mkato, nyingine zinakurudisha kwenye ulimwengu ulioumaliza zamani. Upepo nao unakusukuma ukiwa hewani. Watu huuita mgumu wakaishia hapo. Mimi naona hawautendei haki. Unazungumza na mtu aliyeijua ya kwanza kwa moyo. Unamjibu, hata unamcheka kidogo. Mgeni hataambulia kitu.

Tawi la Nintendo la Marekani likauona mgumu mno kwa wateja wake, likaukataa. Badala yake ukachukuliwa mchezo mwingine kabisa, Yume Kōjō: Doki Doki Panic wa 1987, ulioongozwa na Kensuke Tanabe na kufungamana na maonyesho ya televisheni ya Fuji. Wahusika wake wanne, wenye mavazi ya hadithi za Kiarabu, wakaondolewa. Wakaingizwa Mario, Luigi, Toad na binti mfalme. Oktoba 1988 ukauzwa Marekani kwa jina la Super Mario Bros. 2. Humo kumkanyaga adui hakumuui: unasimama kichwani pake, unambeba, unamtupa. Unang'oa mboga ardhini, unatupa. Unarudi nyuma utakavyo, unapanda, unashuka. Bowser hayumo kabisa.

Mwezi uleule, Japani walikuwa wanapokea sehemu ya tatu. Marekani waliingojea hadi Februari 1990.

Sasa hebu tuwakalishe wachezaji wawili mbele ya mchezo huo. Mjapani ametoka kwenye michezo miwili iliyofanana kama kurwa na doto. Anakuta ramani ya kuchagua njia, jani linalompa Mario mkia wa kurukia angani, anakuta anaweza kurudi kushoto, anaweza kubeba gamba la kobe na kulirusha. Kwake mila imevunjwa. Mmarekani je? Ramani na mkia vitamshangaza naye, lakini kurudi nyuma alishazoea, na kubeba na kurusha ndiyo ilikuwa kazi yake yote katika ya pili. Hata lile bomu lenye miguu, Bob-omb, wanajuana. Kinachomgusa ni kukanyaga kulikorejea, na Bowser yule anayemsubiri mwishoni. Huyu amerudi nyumbani. Mchezo ni karibu uleule, lakini mmoja ameusoma kama uasi, mwingine kama toba.

Mtu atasema: Doki Doki Panic si ulitoka Japani kwanza? Kweli. Ila haukuwa na jina la Mario, kwa hiyo haukuhesabiwa ndani ya ukoo. Kumbe jina nalo ni sehemu ya fani!

Kinachoniudhi ni kwamba mchezaji wa Marekani alilinganisha kwa miaka mingi bila kuambiwa kuna kitu ameamuliwa asikipate. Japani waliletewa ile ya Kimarekani mwaka 1992, ikaitwa Super Mario USA, jina linalosema wazi ilikotoka. Mmarekani alipata ile ya 1986 mwaka 1993, ndani ya mkusanyo wa Super Mario All-Stars, ikiitwa The Lost Levels, yaani hatua zilizopotea. Zilipotea wapi? Zilikuwa zinachezwa Japani tangu 1986.