Thimlich Ohinga: Maboma ya Mawe

Maboma haya, yaliyo kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, yanaaminika kujengwa katika karne ya 16 na jamii za wafugaji wa ukanda wa Ziwa Victoria. Kuta zake, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, zilipangwa bila udongo wala saruji. Mawe makubwa kwa madogo yameshikana yenyewe. Anayeingia Kochieng, boma kubwa kuliko yote, hulazimika kuinama mlangoni; ufupi huo ulimnyima adui nafasi ya kuvamia kwa ghafla. Ndani yamo mabaki ya nyumba na mazizi. UNESCO iliiandikisha Thimlich Ohinga kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Wageni wanaombwa wasipande kuta wala kuondoa jiwe lolote: kila moja limebeba uzito wa mengine.